Sabini kwa Sabini

Muuzaji amesimama chini ya mkorosho wa mpakani. Anaweka jiwe, kisha anamwita kijana wake ahesabu hatua. Kijana anakanyaga majani makavu, moja, mbili, tatu, mpaka sabini, anachomeka kijiti. Anapinda kushoto, sabini nyingine. Mnunuzi anamfuata nyuma kimya huku naye anahesabu moyoni. Hesabu zinalingana. Mjumbe anaandika kwenye karatasi: ekari moja.

Hakuna aliyedanganya. Wote wamehesabu sabini.

Kilichonikaa kichwani wiki kadhaa sasa ni hiyo sabini yenyewe. Kwa nini isiwe sitini, au mia? Matangazo ya madalali yanasema ekari ni "mita 70 kwa 70". Magrupu ya kilimo ya WhatsApp yanasema hivyo hivyo. Zidisha, unapata mita za mraba 4,900. Ukifungua jedwali lolote la vipimo, ekari ni mita za mraba 4,047 na kidogo. Pengo ni mita za mraba 853, yaani viwanja viwili vya 20 kwa 20 na chenji inabaki.

Ama jedwali limekosea, ama sabini haikuwa ya mita.

Sabini ilitoka wapi

Ekari ni kipimo cha Waingereza, na kwa asili yake si mraba. Ni ukanda: upana yadi 22, urefu yadi 220. Zidisha upate yadi za mraba 4,840. Sasa ukanda huo ugeuze uwe mraba wenye pande sawa, kwa kutafuta kipeuo cha pili cha 4,840. Jibu ni 69.57.

Sabini, kasoro nusu yadi.

Yadi moja ni mita 0.9144, ambayo ni hatua ya mtu mzima anayejinyoosha. Hatua 70 za namna hiyo kwa 70 zinatoa yadi za mraba 4,900, sawa na mita za mraba 4,097. Zimezidi ekari halisi kwa mita za mraba 50 tu, kama asilimia moja hivi. Kwa kipimo cha miguu, huwezi kudai zaidi ya hapo. Hesabu inakaa sawa mno kuwa bahati tu: aliyeanzisha sabini alijua alichokuwa akifanya.

Shida ilikuja pale mita ilipochukua nafasi ya yadi na namba ikaachwa palepale. Anayetaka ekari kwa tepu ya mita avute 63.6 kwa 63.6, au 64 kwa 64 kama hapendi desimali. Anayevuta 70 anapata ekari na robo kasoro kidogo. Kama wewe ndiye mnunuzi, utanyamaza. Ila kama baadaye shamba litapimwa na mpima ardhi na hati iandike hekta 0.4047, usishangae ramani ikiwa ndogo kuliko uzio wako.

Hekta yenyewe haina mafumbo: mita 100 kwa 100, mita za mraba 10,000, ekari 2.47. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1795 iliweka kipimo kidogo zaidi cha ardhi, mita 10 kwa 10, na hekta ni mia moja ya hivyo vipande. Kile kidogo wengi wamekisahau. Mwanawe mkubwa ndiye anayeandikwa kwenye hati zetu.

Hatua fupi

Ekari ya yadi na ekari ya mita zote zina nafuu. Iko ya tatu, na hiyo haina nafuu.

Mtu anayetembea kawaida kwenye nyasi na visiki hafikishi yadi kwa hatua moja. Hatua yake iko kwenye sentimita 75. Sabini za hatua hizo ni mita 52.5. Wengi wanaolijua hilo hupiga hesabu ya haraka: 52.5 dhidi ya 63.6, nimepunjwa kama asilimia 17, nitavumilia.

Hapo ndipo eneo linapomkamata mtu.

Mita 52.5 kwa 52.5 ni mita za mraba 2,756. Ekari ni 4,047. Umekosa asilimia 32, karibu theluthi ya shamba. Upungufu wa upande haubaki ulivyo, kwa sababu unaingia mara mbili: mara moja kwenye urefu, mara ya pili kwenye upana. Upande ukipungua kwa asilimia 10, eneo linapungua kwa 19. Upande ukizidi kwa 10, eneo linazidi kwa 21. Kwenye vitu vya ujazo kosa linaingia mara tatu, na tutafika huko.

Athari haiishii kwenye bei ya shamba. Mkulima anaambiwa mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 kwa ekari. Kwenye ekari halisi hiyo ni kilo 124 kwa hekta. Kwenye ekari ya hatua fupi ni kilo 181. Mazao ndiyo yanachanganya kabisa. Aliyevuna magunia 10 kwenye "ekari" ya mita za mraba 2,756 anajiona kashindwa mbele ya jirani aliyevuna 13 kwenye ekari ya tepu. Ukiweka sawa maeneo, yeye ana karibu magunia 15 kwa ekari. Mbegu ipi bora, dawa ipi inafanya kazi, mabishano yote hayo hayana maana kama hakuna aliyepima shamba.

Kama hakuna tepu, pima hatua yako kwanza. Weka alama mbili barabarani zenye umbali wa mita 20 unaoujua kwa hakika, tembea mwendo wako wa kawaida mara tatu, chukua wastani wa hatua, gawa 20 kwa namba hiyo. Ukipata hatua 26, kila hatua yako ni sentimita 77, na ekari kwako ni hatua 83 kwa 83. Andika namba hiyo nyuma ya daftari. Ni yako peke yako, usimwazime mtu.

Simu nazo zinapima siku hizi, unazunguka shamba na programu inakupa eneo. Kwa ekari 20 sawa. Kwa kiwanja cha 20 kwa 20, simu ikikosea mita mbili tu kila upande unapata 22 kwa 22, ambayo ni 484 badala ya 400. Kiwanja pimeni kwa tepu.

Kona zisizo kona

Tuseme tepu ipo. Pande nne zimepimwa: 20, 30, 20, 30. Dalali anasema mia sita.

Huenda. Pande nne hazikuambii eneo. Hata mzunguko haukuambii: kamba ya mita 100 inazungushia 25 kwa 25, eneo 625, na kamba hiyohiyo inazungushia 10 kwa 40, eneo 400. Na kiwanja cha 20 na 30 kilichoegemea upande mmoja kwa sababu barabara imekikata mshazari kinaweza kuwa na pande zilezile na eneo dogo zaidi.

Dawa ni kipimo kimoja cha ziada: kona hadi kona ya mbali. Kiwanja cha 20 kwa 30 kilichonyooka kinatoa mita 36.06 kwa mshazari, na mishazari yote miwili inalingana. Ukipima ukapata 26.46 kwenye mshazari mmoja, kiwanja kimeegemea.

Sasa una pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kukudanganya ukijua pande zake zote tatu. Jumlisha 20, 30 na 26.46, gawa kwa mbili: 38.23. Toa kila upande kutoka kwenye hiyo namba: 18.23, 8.23, 11.77. Zidisha zote nne, 38.23 × 18.23 × 8.23 × 11.77, halafu tafuta kipeuo cha pili kwenye simu. Inakuja mita za mraba 260 kasoro kidogo. Pembetatu ya pili hapa ni pacha wake, kwa hiyo kiwanja ni 520. Kile kiwanja cha "mia sita" kimepungukiwa 80, chumba na sebule.

Njia ya mitaani ya kujumlisha pande zinazotazamana, kugawa kwa mbili na kuzidisha, ina tabia moja mbaya: kwenye kiwanja chochote kisicho na kona nne zilizonyooka inatoa jibu kubwa kuliko ukweli. Haikosei kwa faida ya mnunuzi hata siku moja.

Kenya mambo yanakuja na sura nyingine, "hamsini kwa mia", na hapo ni futi. Futi ni mita 0.3048, kwa hiyo 15.24 kwa 30.48, mita za mraba 465 kasoro. Hati inaandika hekta, utasoma kitu kama 0.0465. Zidisha kwa 10,000 utaiona 465 ikijitokeza. Wengi huiita robo ya nusu ekari. Robo ya nusu ekari ni 506.

Sifuri mbili, nne, sita

Mita moja ina sentimita 100. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000. Mita moja ya ujazo ina sentimita za ujazo 1,000,000.

Wanafunzi huikariri na kuisahau, na mafundi wenye uzoefu wa miaka huikwepa kwa werevu: hawabadilishi eneo kabisa. Wanabadilisha urefu kwanza, kila kitu kiwe mita kabla ya kuzidisha. Vigae vya 60 kwa 60 ni 0.6 × 0.6, yaani 0.36. Boksi la vinne ni 1.44. Ukianza na 3,600 za sentimita na kugawa kwa 100, utasema kigae kimoja kinafunika mita 36.

Hata ukibadilisha sawa, eneo lina upofu wake. Chumba cha mita 4 kwa 3.6 ni 14.4 za mraba. Gawa kwa 1.44: maboksi 10 kamili, vigae 40. Upande wa 3.6 unaingia vigae sita bila kukata. Upande wa mita 4 unaingia sita na kubaki sentimita 40, na kila kipande cha 40 kinakula kigae kizima, maana 20 inayobaki haitoshi mahali pengine. Safu saba za sita, vigae 42. Maboksi 11, na hapo hakijavunjika hata kimoja.

Mchanga unaovimba

Tripu ya mchanga ndipo ujazo unapouma kweli. Wakala wa Vipimo hukagua malori ya mchanga na kokoto Tanzania, lakini lori linapoingia uani kwako, aliyebaki na tepu ni wewe.

Pima ndani ya bodi, si nje. Tuseme urefu mita 4, upana 2, kina 0.6. Hiyo ni mita za ujazo 4.8 likijaa usawa wa ukingo. Mchanga ukiwa sentimita 10 chini ya ukingo, zimeondoka 0.8, ndoo 40 za lita 20. Kwa macho sentimita 10 ni kitu kidogo sana ukiwa umesimama chini. Panda juu, pima kina kwenye kona nne na katikati, chukua wastani.

Hilo ni rahisi. Gumu ni kwamba mchanga wenye unyevu huvimba.

Maji kidogo yanazunguka kila punje kama utando na kuzisukuma zisikaribiane. Unyevu wa kama asilimia tano tu unaweza kuongeza ujazo kwa robo, na mchanga laini huvimba kuliko ule wa punje kubwa. Ukishaloa kabisa, utando unavunjika na mchanga unarudi kwenye ujazo wake. Ndiyo maana lundo lililopigwa na mvua kubwa usiku linaonekana limeibiwa asubuhi.

Jaribio lake halihitaji maabara. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, si ndoo iliyopanuka juu. Mimina mchanga bila kuushindilia hadi sentimita 20. Umwage kando, weka maji nusu kopo, urudishe mchanga taratibu huku ukikoroga, uache utulie. Ukisimama kwenye 16, umevimba sentimita 4 juu ya 16, asilimia 25. Ile tripu ya 4.8 ni mita za ujazo 3.84 za mchanga halisi. Dereva hajakuibia, ila bei mliyokubaliana ilikuwa ya mchanga mkavu.

Mfuko na toroli

Zege ya moja-mbili-nne: simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Wote tunaikubali. Swali ni moja ya nini.

Uwiano huo ni wa ujazo. Mfuko wa simenti wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Toroli lililojaa usawa wa ukingo ni kama lita 60, likiwa na kichuguu ni zaidi. Kwenye saiti nyingi utasikia "mfuko mmoja, toroli mbili, toroli nne", na kila mtu anaamini anachanganya moja-mbili-nne. Gawa 60 kwa 35. Kilichoingia ni moja kwa tatu na nusu kasoro kwa saba kasoro. Mita ya ujazo ya zege iliyostahili mifuko sita na kitu imepata minne.

Tena hilo halionekani siku ya kumwaga. Linaonekana vumbi linapoanza kutoka sakafuni.

Tumia ndoo za lita 20. Mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, zote zikatwe usawa kwa ubao. Mchanga ukiwa na unyevu na umeupima kuvimba robo, ndoo tatu na nusu ziwe nne na nusu kasoro kidogo. Fundi atalalamika kwamba inachelewesha kazi. Kweli inachelewesha.

Kiasi cha kununua kinafuata hapo. Vifaa vikavu hushuka vikichanganywa, punje ndogo zinaingia kwenye nafasi za kubwa, kwa hiyo mita moja ya ujazo ya zege inataka kama 1.54 ya vifaa vikavu. Gawa kwa sehemu saba: simenti 0.22, mchanga 0.44, kokoto 0.88. Simenti hiyo 0.22 ni kilo 317, mifuko 6.3.

Jamvi la mita 10 kwa 8, unene sentimita 10, ni 10 × 8 × 0.1, mita za ujazo 8. Mifuko 51, mchanga 3.5, kokoto 7. Sasa kifusi kisiposawazishwa vizuri na unene ukawa 12 kwa wastani, zege inapanda hadi 9.6 na mifuko hadi 61. Sentimita mbili zimekula mifuko kumi. Muda mtu anaotumia kubishania bei ya simenti dukani ungelipa zaidi ukitumika kuvuta uzi wa levo.

Mashimo ya karo yana hesabu yake, ya duara. Shimo la kipenyo mita 1.5 na kina mita 3 linabeba mita za ujazo 5.3: nusu ya kipenyo mara yenyewe, mara 3.14, mara kina. Ukiongeza kina nusu mita unapata 6.2. Ukiongeza kipenyo nusu mita badala yake, unapata 9.4. Kupanua kunalipa kuliko kuchimba chini, mpaka pale mfuniko wa zege unapokuwa mzito na ghali.

Maji

Kwenye maji vipimo vya metriki vinakaa vizuri kuliko popote. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hakuna cha kukariri. Bati linalofunika mita za mraba 100, mvua ya milimita 20, lita 2,000. Toa kama moja ya tano kwa maji yanayoruka nje ya mfereji na yale ya kwanza yenye vumbi. Eneo la kutumia ni lile ambalo paa linafunika chini, si urefu wa bati kwenye mteremko. Paa likiwa la mwinuko mkali halipati mvua zaidi ya jirani yake.

Yuniti moja kwenye bili ya maji ni mita moja ya ujazo: lita 1,000, madumu 50 ya lita 20. Bili ya yuniti 22 ni madumu 1,100, kama 37 kwa siku. Kama nyumba haitumii madumu 37 kwa siku, funga koki zote usiku na usome mita, kisha uisome tena alfajiri.

Lita yenyewe iliwahi kuyumba. Kuanzia 1901 ilielezwa kwa uzito, kama ujazo wa kilo moja ya maji, ikatofautiana na desimita moja ya ujazo kwa sehemu 28 katika milioni. Mwaka 1964 wakairudisha kuwa desimita ya ujazo kamili. Boza la maji linayumba zaidi ya hapo.

Kwa hilo, tenki la chini ya ardhi ni mizani nzuri kuliko risiti. Pima sakafu yake kwa ndani: mita 2.5 kwa 2 ni mita za mraba 5, kwa hiyo kila sentimita ya kina ni lita 50. Funga pampu. Kabla mpira haujaingizwa, teremsha fito mpaka sakafuni na uweke alama maji yalipofika. Boza la lita 5,000 likimaliza, alama ya pili iwe sentimita 100 juu ya ya kwanza. Ikiwa 88, umepokea lita 4,400, na fito bado imelowa mkononi wakati dereva anakunja mpira.